Vijana Wafundishwe Daftari Kabla ya Kukopeshwa

Sidhani kuna neno ambalo vijana wa nchi hii wamelisikia mara nyingi kuliko hili: jiajiri. Hulisikia shuleni siku ya kutuzwa zawadi, hulisikia kanisani na msikitini, hulisikia katika mikutano ya hadhara, na hata matangani ambako mwanasiasa hakualikwa kuzungumzia ajira. Waziri akiulizwa nafasi za kazi ziko wapi, aghalabu hujibu kwamba vijana waache kutamani kazi za ofisini. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hadi chuo kikuu, naye, baada ya kumwona nyumbani miaka mitatu, huishia kulitamka neno lilo hilo.

Mimi simo miongoni mwa wanaolipinga. Ripoti ya uchumi iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2025 ilionyesha kwamba kati ya nafasi mpya za kazi zipatazo 780,000 zilizopatikana mwaka 2024, zaidi ya 700,000 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Kwa hivyo anayemwambia kijana ajiajiri hamwambii uongo. Anamwambia tu jambo ambalo kijana huyo angelifanya hata asingeambiwa. Ninalolilalamikia ni kwamba kijana husukumwa sokoni bila kufundishwa kitu kimoja ambacho pasipo hicho biashara yoyote, iwe ya karanga au ya malori, haifiki mwaka wa pili. Kitu hicho ni daftari.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imo katika orodha ya kila mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Huulizwa maana yake, akapewa alama mbili, kisha akaondoka shuleni bila kulishika daftari lenyewe.

Nitatoa mfano mdogo, kwa maana katika mambo ya biashara mfano mdogo ndio unaofundisha. Tumchukue kijana anayeuza mayai ya kuchemsha jioni kando ya kituo cha matatu. Tuseme hununua kreti moja ya mayai 30 kwa shilingi 420, na kila yai hulipasua, akalitia kachumbari na kuliuza kwa shilingi 25. Mwulize faida yake naye atakujibu bila kusita: mayai 30 kwa shilingi 25 ni 750, toa 420, faida ni shilingi 330 kila jioni, karibu 10,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo kijana huyu yumo njiani kuwa tajiri. Mbona basi baada ya miezi miwili hayupo tena pale kituoni?

Hebu tuketi naye tuhesabu sawasawa. Makaa ni shilingi 50. Nyanya, vitunguu na pilipili ni 60. Karatasi za kufungia ni 20. Askari wa kaunti humkatia tikiti ya shilingi 50. Jumla yake ni 180, ambazo hakuzitaja kwa kuwa zilimtoka mfukoni kidogo kidogo. Mayai mawili yalivunjika njiani. Mawili aliyala mwenyewe, maana hakuna awezaye kusimama penye chakula hadi saa tatu usiku huku njaa ikimuuma. Mawili yalichukuliwa na rafiki ambaye atalipa kesho. Yaliyouzwa kwa pesa taslimu ni 24, na mayai 24 kwa shilingi 25 ni shilingi 600. Gharama zake zote, kreti pamoja na hayo mengine, ni shilingi 600 vilevile. Jioni nzima kijana amesimama kwenye moshi na vumbi, na faida yake ni sufuri.

Hiyo sufuri si hoja. Hakuna mfanyabiashara ambaye hajawahi kuipata. Hatari ni kwamba kijana anarudi nyumbani na noti mfukoni, akiamini kwa dhati kuwa 330 kati yake ni zake. Ananunua muda wa maongezi. Anampa dada yake nauli. Anamnunulia mama sukari, jambo ambalo sote tutamsifu kwalo. Kulipokucha, pesa za kreti hazitimii. Watu wa mitaani husema amekula mtaji, na kweli ameula, lakini hakuula kwa ulafi. Ameula kwa kutojua kwamba ulikuwa mtaji.

Laiti angalikuwa na daftari la kurasa 40 na kalamu, angaligundua jambo jingine kufikia siku ya nne au ya tano. Makaa na tikiti ni zilezile, auze kreti moja au auze mbili. Kreti ya pili humgharimu shilingi 420, kachumbari 60 na karatasi 20, jumla 500. Yale mengine yamekwisha kulipiwa na kreti ya kwanza. Ikinunuliwa yote, humletea faida ya shilingi 250. Basi ama atafute mahali penye wateja wa kumaliza kreti mbili, ama aiache biashara hiyo mapema kabla haijamla. Kulijua hilo ndiko ninakokuita kuwa na fikra ya biashara, wala si kuvaa tai na kuzungumza juu ya ndoto.

Kuna watakaosema kwamba somo la biashara limekuwako shuleni tangu zamani. Ni kweli. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, shabaha yake iliyotangazwa ilikuwa kumtoa mwanafunzi aliye tayari kujitegemea. Wazazi walichangishwa kujenga karakana, na masomo ya ufundi, kilimo, sayansi ya nyumbani na biashara yakaingizwa hadi shule za msingi. Nililifundisha somo hilo miaka kadhaa. Nawakumbuka wanafunzi waliojua kuchora leja nadhifu kuliko mhasibu, upande wa kushoto na upande wa kulia, wakizijaza kwa mauzo ya mfanyabiashara wa kitabuni ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Hesabu zao zilisawazika daima kwa sababu mtunzi wa kitabu alikwisha kuzisawazisha. Hakukuwa na yai lililovunjika wala rafiki wa kulipa kesho. Na kwa kuwa somo lilitahiniwa, lilisomwa kama yanavyosomwa masomo yanayotahiniwa, yaani kwa kukariri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo wa masomo ulipopunguzwa, liliondolewa katika shule za msingi, na sikumbuki mzazi yeyote aliyelilia.

Mtaala wa umilisi uliosambazwa kote nchini mwaka 2019 ulikuja na ahadi kama hiyo, tena kwa maneno mazuri zaidi. Sekondari ya chini ilipoanza mwaka 2023, biashara ilikuwa somo la kujisimamia. Mwaka mmoja baadaye, masomo yalipopunguzwa, ilimezwa ndani ya somo la awali la ufundi. Sina ugomvi mkubwa na uamuzi huo. Kama ni kukariri tena, afadhali wakariri kidogo.

Serikali kwa upande wake imeshikilia imani moja kwa karibu miaka ishirini, nayo ni kwamba kijana amekosa pesa. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana iliundwa mwaka 2006. Baadaye ikaja Hazina ya Uwezo. Mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Kisha tarehe 30 Novemba 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hasla, mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kupitia simu, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu. Mkopeshaji wa mtaani hutoza zaidi ya hiyo kwa mwezi mmoja. Hata hivyo, serikali yenyewe imekiri kwamba mabilioni ya shilingi hayajarejeshwa, na mjadala wetu mara moja ukageuka kuwa ni kuwashutumu vijana kwa kukosa uaminifu.

Wapo wasio waaminifu, sikatai. Lakini mrejelee yule kijana wetu wa mayai. Mpe mkopo wa shilingi 1,000 leo. Kwake yeye, pesa hizo zitaingia katika mfuko uleule ambamo mtaji, faida, nauli ya dada na sukari ya mama vyote vinalala pamoja. Siku ya kulipa itakapofika hatajua kama biashara ilizalisha kitu cha kulipia au la. Atakopa kwingine ili alipe huku, maana siku hizi kila simu ina mlango wa kukopea, na tangu mwaka 2012 mikopo ya simu ilipoanza kuenea hapa kwetu, kuna vijana ambao hawajawahi kumaliza mwezi bila deni. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini kwa asiye na hesabu hata harusi yenyewe haionekani.

Wanaotumwa kuwapa vijana moyo huwasimulia habari za matajiri waliotoka mikono mitupu. Hupenda sana kumtaja Njenga Karume, aliyeanza kwa kuuza makaa na akaishia kumiliki mahoteli na mashamba. Nami nampenda Karume kama mfano, ila kwa sababu ambayo wasimulizi hawa huiruka. Kabla makaa hayajamtajirisha, alipata masomo ya biashara katika shule ya Jeanes kule Kabete, shule ya enzi za ukoloni ambayo baadaye iligeuzwa kuwa chuo cha serikali cha mafunzo ya utawala. Wahindi wenye maduka, ambao babu zetu waliwaonea kijicho, walikuwa na vitabu vya hesabu vilivyoandikwa kwa Kigujarati, na mtoto wao aliketi kando ya kitabu hicho kabla hajafikia kimo cha meza. Mchuuzi Mwafrika alikuwa na bidii isiyopungua yao. Kijana anayesimuliwa makaa bila Kabete hufundishwa kwamba utajiri ni bahati na jasho, na anapokosa bahati huitafuta penginepo: katika kamari ya simu, au katika upatu wa ulaghai kama ule uliowafilisi Wakenya wengi mnamo 2006 na 2007, ambao ungeanguka mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu aliyeuliza faida inatoka kwenye mauzo gani.

Basi daftari lifundishwe wapi? Jawabu langu ni kwamba lifundishwe palepale ambapo watoto wetu tayari wanafanya biashara bila kujua. Karibu kila shule ya msingi ya mashambani ina kipande cha ardhi. Watoto hulima, hupalilia, huchota maji kwa vidumu, huchuma sukuma wiki na kuvuna maharagwe. Vyama vya 4-K, vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 kwa kazi kama hii. Vilififia, hata Rais Uhuru Kenyatta akavizindua upya mwaka 2021. Katika shule hizi kuna mtaji, kuna gharama, kuna mauzo, kuna hasara za mvua na za nyani. Kuna kila kitu isipokuwa kitabu ambacho mtoto anaruhusiwa kukifungua.

Nasema hivi kwa kuwa nimelishuhudia. Katika shule moja ambako nilikuwa mzazi, wanafunzi walivuna magunia ya maharagwe, yakauzwa. Kwenye mkutano wa wazazi niliuliza kama watoto wa darasa la saba waliambiwa yaliuzwa bei gani, na mbegu zilikuwa zimenunuliwa kwa kiasi gani. Nilijibiwa kwamba hesabu ni mambo ya ofisi. Sikushuku wizi, pesa zile yamkini zilinunua chaki na kufanyia ukarabati choo. Lakini watoto 60 walikuwa wamefunzwa siku hiyo, kwa vitendo wala si kwa maneno, kwamba kazi yao ni jembe na kwamba hesabu ni ya wakubwa. Miaka kumi baadaye watu wale wale wanawauliza kwa nini hawana fikra za biashara.

Pendekezo langu halihitaji hazina mpya. Kila shule yenye shamba, mizinga, sungura au kibanda cha kuuzia vitafunio iwaachie wanafunzi kitabu cha mradi huo. Wakubwa washike pesa zikiwa nyingi, kwa kuwa asiyetimiza miaka 18 hawezi kufunga mkataba wala kufungua akaunti peke yake. Kitabu kiandikwe na watoto kwa zamu, na kila Ijumaa ukurasa wa wiki ubandikwe ukutani ambako hata mpishi anaweza kuusoma. Mwisho wa muhula ziada igawanywe kwa uamuzi wao: sehemu iwe mbegu za msimu ujao, sehemu wafurahie. Mradi ukipata hasara, hasara hiyo ibandikwe ukutani vilevile. Kwa kweli ningependa kila mtoto apate hasara ya shilingi 200 akiwa na miaka 13, chini ya macho ya mwalimu, kuliko apate ya 20,000 akiwa na miaka 23 na jina lake likapelekwa kwenye orodha ya wasiolipa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba hii ni kuwatumikisha watoto. Anayetoa hoja hiyo anastahili kusikilizwa, kwa sababu wako watoto wanaochuuza ndizi barabarani saa za masomo, na hilo ni kosa mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Lakini kazi ya shambani shuleni tayari ipo, na kuongeza kitabu hakuongezi jasho. Kunamwonyesha mtoto lilikoenda jasho lake. Ya pili hutolewa na walimu wenyewe, kwamba hawana muda. Hiyo nayo ni kweli, na sina dawa yake, ila kusema kwamba ukurasa mmoja kwa wiki huchukua muda mfupi kuliko hotuba ya mgeni wa heshima.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito. Wapo wasomi wanaosema kwamba hii nyimbo yote ya kujiajiri ni ujanja wa serikali kujivua jukumu la kukuza viwanda na kuajiri walimu na wauguzi, na kwamba kijana hapaswi kufunzwa kuridhika na mayai ya kuchemsha. Nakubaliana nao karibu neno kwa neno. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ndiyo iliyoufanya ulimwengu ulizoee jina la sekta isiyo rasmi, na ilitaka serikali iache kuwasumbua wachuuzi na mafundi hawa. Nusu karne imepita na bado mkokoteni hubebwa na lori la askari wa kaunti. Toroli imeshakuwa nembo ya kampeni, lakini mwenye toroli hajapata mahali pa kuiegesha.

Hata hivyo, mtu anayejua hesabu ndiye mgumu zaidi kudanganywa na serikali. Kijana mwenye daftari anajua kwamba tikiti ya shilingi 50 kila siku ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na ataanza kuuliza choo cha soko kiko wapi. Mwaka 2024 tuliwaona vijana ambao wakubwa walidhani hawajui ila kucheza na simu, wakiusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuwafafanulia wazee wao kwa lugha za mama ni kodi gani itapandisha bei ya kitu gani. Wapo waliopoteza maisha kabla ya Rais kuurudisha mswada huo bungeni bila kuutia sahihi. Yeyote aliyeyashuhudia yale asiniambie kwamba vijana wa Kenya hawawezi kusoma takwimu. Wanaweza, pindi takwimu hizo zinapohusu mfuko wao.

Limebaki la nyumbani, ambalo serikali haiwezi kutusaidia. Sisi wazazi ndio tunaokula mtaji wa watoto wetu wa kwanza kabisa, hasa wa wasichana. Mvulana akianza kibiashara huambiwa ni mwanamume, aachwe asimame. Msichana akikaanga mahamri, unga wake huwa unga wa nyumba, na mahamri yake huwa chai ya wageni. Akiuliza pesa huambiwa ana uchoyo, na ndipo somo lake la biashara linapokwisha. Ningependa basi kanuni moja iwepo katika kila nyumba yenye kijana anayeuza kitu: mwenye kutwaa bidhaa alipe, na asiye na pesa aandikwe kwenye daftari kama mdeni mwingine yeyote, awe baba, awe mjomba kutoka safari.

Niliwaambia hivi akina mama wa chama kimoja, nao wakacheka sana. Mmoja wao, ambaye mwanawe anauza mayai, akauliza, "Mwalimu, yaani nimlipe mtoto niliyemzaa mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Akichukua mayai mawili ni shilingi 50.